Istilahi za vipimo vya umeme na ugezi: Mwongozo kwa wafanyabiashara na wasafirishaji

Na Mwandishi Wetu, Kigali

Lori la ekseli saba linatoka bandari ya Dar es Salaam kuja Kigali. Kwenye mizani ya kwanza linasoma kilo 55,760. Mbele ya safari, kwenye mizani ya pili, linasoma kilo 55,480. Kwenye mizani ya tatu linasoma kilo 56,180 na dereva anaambiwa kuwa amezidisha uzito. Shehena haijaguswa na lakiri za forodha ziko palepale. Je, ni mizani ipi inayosema kweli?

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini msafirishaji yeyote wa Ukanda wa Kati au Ukanda wa Kaskazini anaujua mzozo wa aina hii. Dereva anapiga simu kwa tajiri, tajiri anampigia wakala wa forodha, na wote wanabishana kuhusu uzito. Mara nyingi mzozo unakwama kwa sababu pande mbili zinatumia maneno ambayo hazikubaliani maana yake. Mmoja anasema mizani "imepimwa", mwingine anasema "imerekebishwa", wa tatu anaonyesha stika. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina uzito wake mbele ya sheria.

Makala haya yanakusanya istilahi ambazo mfanyabiashara na msafirishaji anapaswa kuzifahamu. Tunaanza na umeme, kwa sababu karibu kila chombo cha kupimia mali mpakani na ghalani siku hizi kinafanya kazi kwa umeme: mizani ya magari, mita ya unyevu wa nafaka, kipimajoto cha kontena la baridi, hata mita ya umeme yenyewe.

MANENO YA MSINGI YA UMEME

Volti: Kipimo cha msukumo wa umeme. Mafundi hupenda kuulinganisha na msukumo wa maji kwenye bomba. Umeme wa majumbani Rwanda na kwa majirani zake wa Afrika Mashariki ni wa volti 220 hadi 240, na mfumo wa umeme wa malori mengi makubwa ni wa volti 24.

Ampea: Kipimo cha wingi wa umeme unaopita kwenye waya kwa wakati mmoja.

Ohm: Kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya au kifaa kinavyouzuia umeme kupita. Ukigawa volti kwa ohm unapata ampea. Kanuni hii ndiyo inayotumika ndani ya vyombo vingi tutakavyovitaja hapa.

Wati: Kipimo cha nguvu, yaani kasi ya kutumia umeme. Ni volti mara ampea. Wati 1,000 ni kilowati moja.

Kilowati-saa: Kipimo cha umeme uliotumika. Friji la duka linalovuta kilowati moja kwa saa moja limetumia kilowati-saa moja, ambayo watu wengi huiita "uniti". Anayenunua umeme wa kulipia kabla anauziwa kilowati-saa, hauziwi wati.

Ampea-saa: Kipimo cha uwezo wa betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, yaani kilowati-saa 1.2. Mwenye kuagiza betri za sola au za pikipiki za umeme afanye hesabu hii kabla ya kulinganisha bei, kwa kuwa betri mbili zenye ampea-saa sawa na volti tofauti hazibebi umeme sawa.

Kilovolti-ampea: Kipimo kinachoandikwa kwenye jenereta. Jenereta ya kilovolti-ampea 20 yenye kipeo cha nguvu cha 0.8 inatoa kilowati 16. Kuna wanunuzi waliodhani wamepata kilowati 20, wakagundua baada ya kufunga mashine kuwa nguvu haitoshi.

Milivolti na mikrovolti: Milivolti ni sehemu moja ya elfu ya volti, mikrovolti ni sehemu moja ya milioni. Msafirishaji anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya maabara tu, lakini faini ya uzito inaamuliwa kwa mikrovolti, kama tutakavyoona sasa hivi.

NDANI YA MIZANI YA MAGARI

Kihisio cha uzito: Chini ya jukwaa la mizani kuna vipande vya chuma ambavyo mafundi huviita lodi seli. Juu ya kila kipande kumegandishwa nyuzi nyembamba sana za kupitisha umeme. Lori likipanda, chuma kinajikunja kidogo mno kuweza kuonekana kwa macho, nyuzi zinavutika au kubanwa, na ukinzani wake unabadilika.

Daraja la Wheatstone: Mpangilio wa vikinzani vinne unaoweza kuhisi badiliko hilo dogo. Umepewa jina la Charles Wheatstone wa Uingereza aliyeutangaza mwaka 1843, ingawa aliyeubuni ni Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Karibu kila mizani ya kielektroniki, kuanzia ya duka la nyama hadi ya malori, inautumia.

Volti ya kulisha: Umeme unaoingizwa kwenye kihisio ili kifanye kazi. Kihisio cha kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti inayolishwa pale kinapobeba uzito wake wote. Kikilishwa volti 10, basi kinatoa milivolti 20 tu kikiwa kimejaa.

Sasa tupige hesabu. Kihisio cha tani 30 kinatoa milivolti 20 kikiwa kimebeba tani zote 30. Kilo 20 zikikielemea peke yake, umeme unaotoka unabadilika kwa takriban mikrovolti 13, yaani sehemu 13 za milioni za volti. Kompyuta ya mizani inapaswa kuyatambua mabadiliko hayo katikati ya joto, vumbi, mtikisiko na mvua.

Ndiyo maana maji yakiingia kwenye kisanduku cha kuunganishia nyaya, panya wakitafuna waya, au waya wa ardhini ukilegea, kilo zinabadilika bila lori kubadilika. Mawe na matope yakijaa pembeni mwa jukwaa yanalizuia kushuka sawasawa. Radi ikipiga karibu inaweza kuharibu kihisio kimoja, na mizani ikaendelea kusoma namba zinazoonekana za kawaida.

Sufuri: Namba ambayo mizani inapaswa kuonyesha jukwaa likiwa tupu. Hili ni jambo ambalo dereva anaweza kuliangalia mwenyewe bila kifaa chochote. Mizani inayoonyesha kilo 60 ikiwa tupu itaziongeza kilo hizo kwa kila gari.

Uzito wa jumla, uzito mtupu na uzito wa shehena: Wa kwanza ni wa gari pamoja na mzigo, wa pili ni wa gari bila mzigo, na wa tatu ni tofauti ya hiyo miwili. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2013, inaweka ukomo wa uzito wa jumla kuwa tani 56 kwa gari la ekseli saba. Ina ukomo pia kwa kila kundi la ekseli, kwa hiyo gari linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likakamatwa kwa sababu mzigo umeegemea upande mmoja.

Mizani ya mwendo: Inayopima gari likiwa linatembea. Kazi yake kuu ni kuchuja, yaani kuyaruhusu magari yaliyo wazi kuwa hayajazidi na kuyaelekeza mengine kwenye mizani ya kusimama. Magurudumu yakiruka au dereva akifunga breki, uzito unahama kutoka ekseli moja kwenda nyingine. Kwa hiyo namba ya mizani ya mwendo isichukuliwe kuwa sawa na ile ya mizani ya kusimama.

MANENO YA UPIMAJI

Usahihi: Jinsi kipimo kilivyo karibu na uzito wa kweli.

Uthabiti: Jinsi kipimo kinavyorudia namba ileile kitu kilekile kikipimwa mara nyingi. Mizani inaweza kuwa na uthabiti bila kuwa na usahihi. Ikizidisha kilo 200 leo, kesho na keshokutwa, ni thabiti lakini inakosea. Kwa hiyo kupanda mara ya pili kwenye mizani ileile na kupata namba ileile hakuthibitishi kuwa mizani hiyo ni sahihi.

Kigawanyo: Hatua ndogo kabisa ambayo mizani inaweza kuonyesha. Mizani nyingi za magari husoma kwa hatua za kilo 10 au 20. Mizani ya kigawanyo cha kilo 20 haiwezi kuonyesha kilo 55,770. Itaonyesha 55,760 au 55,780.

Kosa: Tofauti kati ya kile mizani inachosoma na uzito wa kweli. Katika taaluma hii, kosa ni namba, wala halina maana ya kosa la jinai. Kila mizani duniani ina kosa. Kinachotakiwa ni kulijua.

Kosa linaloruhusiwa: Ukomo wa kosa ambao sheria inaukubali. Kwa mizani za kibiashara, nchi nyingi hufuata pendekezo namba R 76 la Shirika la Kimataifa la Vipimo vya Kisheria. Tuchukue mizani ya daraja la tatu yenye kigawanyo cha kilo 20. Hadi tani 10, kosa linaloruhusiwa ikiwa ndiyo kwanza inahakikiwa ni kilo 10 juu au chini. Kutoka tani 10 hadi 40 ni kilo 20. Kuzidi tani 40 ni kilo 30. Mizani ikiwa tayari kazini, viwango hivyo huwa mara mbili: kilo 20, 40 na 60.

Kwa hiyo lori la tani 56 likipimwa lote kwa pamoja juu ya jukwaa la mizani ya namna hiyo, namba inaweza kuwa pungufu au zaidi kwa kilo 60 na bado mizani ikawa halali. Gari likipimwa kwa vipande, kila kipande kina kosa lake.

Kiwango cha shaka: Huu ni msemo unaowasumbua wengi. Hata anayeipima mizani kwa mawe ya kupimia hana uhakika kamili, kwa kuwa mawe yenyewe yana shaka yake, joto linabadilika na upepo unasukuma. Cheti kizuri hueleza, kwa mfano, kuwa kosa ni kilo 20 na kiwango cha shaka ni kilo 15 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Maana yake ni kwamba kosa la kweli linatarajiwa kuwa kati ya kilo 5 na kilo 35. Cheti kisichotaja kiwango cha shaka kina upungufu.

Posho ya kisheria: Nafasi ambayo sheria ya barabara inaweza kuitoa kabla ya kutoza faini. Usiichanganye na kosa linaloruhusiwa. Posho inahusu gari na mzigo wake. Kosa linaloruhusiwa linahusu chombo cha kupimia.

MANENO MATATU YANAYOCHANGANYWA

Hapa ndipo fedha za wafanyabiashara wengi zinapopotelea.

Ugezi: Kulinganisha chombo cha kupimia na kipimo rejea kinachojulikana, kisha kuandika tofauti iliyoonekana. Mafundi wengi husema kalibresheni, na katika nyaraka za Kifaransa zinazotoka Bujumbura au Goma utakuta neno étalonnage. Ugezi haugusi chombo. Unasema tu kwamba "mizani hii, ilipowekewa kilo 20,000, ilisoma kilo 20,040". Baada ya ugezi, mizani inaweza kuendelea kukosea kwa kiasi kilekile, ila sasa mwenye nayo anajua inakosea kwa kilo ngapi.

Marekebisho: Kukifungua chombo au kuingia kwenye programu yake na kukibadilisha ili kisome vizuri zaidi. Hii ni kazi ya fundi. Baada ya marekebisho, ugezi unapaswa kufanywa upya, kwa sababu cheti cha awali kilihusu mizani ilivyokuwa kabla haijaguswa.

Uhakiki: Kitendo cha kisheria. Ofisa aliyeidhinishwa anakikagua chombo, analinganisha kosa lake na lile linaloruhusiwa, kisha anakipasisha au kukikataa. Kikipita kinawekewa stika au chapa na kufungwa kwa lakiri. Nchini Tanzania, Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka vipimo vya biashara vihakikiwe mara kwa mara, kwa kawaida kila mwaka.

Lakiri ya mizani: Kifungo kinachozuia mtu kufungua sehemu za marekebisho bila kuacha alama. Lakiri ikikatika, uhakiki umekwisha nguvu, hata kama tarehe iliyo kwenye stika bado haijafika.

Mtu akikwambia mizani yake "ilitengenezwa wiki iliyopita", amekueleza marekebisho. Hajakwambia kama ugezi ulifanyika, wala kama ofisa alikuja kuihakiki. Fundi hodari anaweza kuirekebisha mizani vizuri kabisa na bado ikawa si halali kwa biashara.

Ufuatilizi: Mnyororo unaoiunganisha mizani ya sokoni na kipimo cha juu kabisa. Mawe ya mkaguzi yamegezwa kwa mawe ya maabara ya taifa, nayo yamegezwa kwa mawe bora zaidi, hadi kufikia kipimo cha kimataifa. Kiungo kimoja kikikatika, cheti kinabaki karatasi.

Kwa miaka mingi mwisho wa mnyororo huo wa kilo ulikuwa kipande cha madini kilichohifadhiwa karibu na Paris tangu mwaka 1889. Kuanzia tarehe 20 Mei 2019, kilo inafafanuliwa kwa namba isiyobadilika ya fizikia, na mojawapo ya njia za kuipata ni mizani maalumu inayolinganisha uzito na nguvu ya umeme. Tangu siku hiyo ampea nayo inafafanuliwa kwa chaji ya elektroni. Hata kilo ya sukari, basi, siku hizi inaweza kufuatiliwa hadi kwenye volti na ohm.

Ithibati: Uthibitisho kuwa maabara ina uwezo wa kufanya ugezi kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa ISO/IEC 17025, ambacho toleo lake la sasa ni la mwaka 2017. Ithibati hutolewa kwa kazi mahususi. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kugeza vipimajoto na isiwe nayo ya mizani za magari, kwa hiyo soma orodha ya kazi iliyoidhinishwa.

MIZANI ILIYOHAMISHWA KUTOKA PWANI

Mizani ya kielektroniki haipimi kilo moja kwa moja. Inapima nguvu ya mvutano wa dunia, kisha inaigeuza kuwa kilo. Mvutano huo haulingani kila mahali. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mvutano wake ni mdogo kuliko wa Mombasa au Dar es Salaam kwa takriban sehemu 3 hadi 5 kati ya 10,000.

Kwa lori la tani 56, hiyo ni kama kilo 17 hadi 28, ambazo zinamezwa na kosa linaloruhusiwa. Kwa muuza dhahabu hali ni tofauti. Mizani ya kielektroniki iliyogezwa Dar es Salaam na kuletwa Kigali bila kugezwa upya itapunguza gramu 0.3 hadi 0.5 kwa kila kilo, na hasara hiyo inamwangukia muuzaji. Mizani ya mawe yenye sahani mbili haina tatizo hili, kwa kuwa mvutano unapungua sawasawa pande zote mbili.

Kanuni ni fupi: mizani ya kielektroniki ikihama mji, igezwe upya mahali itakapofanyia kazi.

MITA YA UNYEVU WA NAFAKA

Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Mita ya mkononi haiyapimi maji yenyewe. Inapima jinsi punje zinavyohifadhi chaji ya umeme au kuupitisha, kwa kuwa punje yenye maji hufanya hivyo zaidi ya punje kavu.

Mkunjo wa zao: Hesabu iliyowekwa ndani ya mita ya kugeuza umeme kuwa asilimia ya unyevu. Kila zao lina mkunjo wake. Mita iliyowekwa kwenye maharage ikipimia mahindi itatoa namba isiyo na maana. Nafaka ya moto iliyotoka juani nayo inaweza kuidanganya mita isiyosahihisha joto.

Kipimo rejea: Kwa unyevu, ni njia ya kukausha sampuli kwenye tanuri la maabara na kupima uzito uliopungua. Mita za mkononi hugezwa kwa kulinganishwa na njia hiyo.

Tuangalie fedha. Umenunua tani 30 za mahindi na mita imesoma asilimia 13.5, kumbe unyevu wa kweli ni 14.5. Mahindi hayo yakikauka hadi 13.5 yatabaki kilo 29,653. Umelipa bei ya mahindi kwa karibu kilo 347 za maji, na juu yake kuna hatari ya ukungu ghalani.

VIPIMAJOTO VYA MIZIGO YA BARIDI

Vipimajoto vingi vya kontena za baridi hutumia ukinzani. Aina moja maarufu ni ya waya wa platinamu wenye ohm 100 kwenye nyuzijoto sifuri. Kila nyuzi moja ya Selsiasi ikiongezeka, ukinzani unapanda kwa takriban ohm 0.385. Kiungo chenye kutu kikiongeza ohm hizo 0.385 kwenye njia ya umeme, kipimajoto cha nyaya mbili kitasoma nyuzi moja zaidi.

Kwa samaki waliogandishwa nyuzi moja inaweza kupita. Kwa chanjo nyingi, ambazo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kosa la nyuzi moja au mbili linaweza kufanya shehena nzima ikataliwe, au ikubaliwe wakati imeharibika.

Kuhama kwa kipimo: Hali ya chombo kubadilika polepole kadiri muda unavyopita. Ndiyo sababu ugezi hurudiwa. Omba vyeti viwili vya mwisho vya chombo kimoja uvilinganishe. Kosa likiwa linakua kila mwaka, chombo kinahama.

NANI ANAFANYA NINI

Rwanda: Bodi ya Viwango ya Rwanda, RSB, yenye makao yake Kicukiro, Kigali, ndiyo yenye maabara ya taifa ya vipimo. Ilianzishwa mwaka 2002 na kubadilishwa jina mwaka 2013. Jina lake la Kinyarwanda lina neno ubuziranenge, ambalo utaliona kwenye stika na nyaraka nyingi nchini humo.

Tanzania: Kazi imegawanywa. Shirika la Viwango, TBS, lina maabara ya ugezi. Wakala wa Vipimo, WMA, unahusika na uhakiki wa vipimo vya biashara.

Kenya: Shirika la viwango, KEBS, lina maabara za ugezi, na idara ya vipimo na mizani ya serikali inasimamia upande wa sheria.

Uganda: UNBS inafanya kazi zote mbili.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Viwango, Uhakiki wa Ubora, Vipimo na Upimaji ya mwaka 2006, yenye lengo la kuzifanya nchi wanachama zikubali kazi za wenzao. Rwanda iliingia katika Jumuiya mwaka 2007. Hata hivyo, cheti cha ugezi kutoka nchi moja hakichukui nafasi ya uhakiki wa kisheria wa nchi nyingine. Chombo kinachofanyia biashara Kigali kinafuata sheria ya Rwanda.

TURUDI KWENYE LORI LETU

Kati ya mizani ya kwanza na ya pili lori lilipungua kilo 280. Tuseme lilichoma lita 300 za dizeli. Lita moja ina takriban kilo 0.84, kwa hiyo lita 300 ni kilo 252. Zinabaki kilo 28, ambazo ni ndogo kuliko kosa linaloruhusiwa la mizani moja. Mizani hizo mbili hazipingani.

Kati ya ya pili na ya tatu liliongezeka kilo 700. Tuseme dereva alijaza mafuta, na tenki likawa na lita 400 zaidi ya zile alizokuwa nazo kwenye mizani ya pili. Hizo ni kilo 336. Zinabaki kilo 364. Hata mizani zote mbili zikikosea kwa ukomo wake, moja chini na nyingine juu, tunapata kilo 120 tu. Turubai lililolowa na matope chini ya gari vinaweza kuongeza, lakini dereva anayo haki ya kuuliza.

Maswali yake yawe haya, na ayaulize kwa adabu:

1. Je, jukwaa likiwa tupu linasoma sufuri?

2. Stika ya uhakiki ni ya tarehe gani, na muda wake unaisha lini?

3. Je, lakiri ziko salama?

4. Kigawanyo cha mizani ni kilo ngapi?

5. Cheti cha mwisho cha ugezi ni cha tarehe gani, na kinaonyesha kosa kiasi gani kwenye uzito unaokaribia tani 56?

6. Je, mizani imewahi kufanyiwa marekebisho baada ya tarehe hiyo?

7. Inawezekana gari kupimwa upya, likiwa limesimama sawasawa na breki zimeachiwa?

Dereva atakayeuliza "mizani yenu ni nzima?" atajibiwa ndiyo. Atakayeuliza tarehe ya uhakiki na hali ya lakiri atahitaji kuonyeshwa. Akionyeshwa na kila kitu kikawa sawa, basi naye akubali kwamba huenda mzigo ulipimwa vibaya ulipopakiwa, na suala hilo alipeleke kwa aliyempakia.

Mwisho, kila tiketi ya mizani ihifadhiwe pamoja na risiti za mafuta za safari hiyo hiyo. Bila risiti hizo, hesabu ya kilo 364 tuliyoifanya hapa isingewezekana, na dereva angebaki na neno lake dhidi ya namba ya kompyuta. Wahenga walishasema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.